Ufunguo Uko kwa Nani?

Vijana wenzangu, kabla ya kuuzungumza mlango unaofunguliwa kwa kompyuta, tuanze na lango la wazee. Hapa Mwitongo, Butiama, ndipo palipo makazi ya ukoo wa Chifu Nyerere Burito na kaburi la mwanawe, Mwalimu Julius, aliyezikwa mwaka 1999. Nikipita hapa huwa nayawaza maboma ya wafugaji wa Mara. Jioni ng'ombe wakishaingia, lango lilizibwa kwa magogo na miiba, na aliyeliziba alilala humo humo ndani. Mgeni akibisha, aliyeamua afunguliwe au asifunguliwe alikuwa mtu wa karibu, sauti yake inasikika.

Kitasa kikabadili mambo. Mwaka 1861 Mmarekani Linus Yale Mdogo alisajili uvumbuzi wa kitasa chenye vijipini ndani, babu wa vitasa vingi vya leo. Mwenye nyumba sasa aliweza kufunga akaenda zake sokoni Musoma. Hata hivyo, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonikosesha usingizi: ufunguo kutoka mfukoni na kuhamia kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Eti hayo ni mambo ya Ulaya? Wapi! Tunayo ukutani: LUKU. Unalipa, kompyuta inakutolea tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, umeme unafunguka. Tarakimu zile ni ufunguo, na anayeuchonga yuko mbali. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU uligoma kwa siku kadhaa. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, fedha wanazo mkononi, nyumbani giza. Nguzo zilikuwa zimesimama na mita ni nzima. Kilichogoma ni kompyuta.

Sasa turudi mlangoni. Kitasa hiki kipya kina betri, mota ndogo na redio. Uko Mwanza, unabonyeza kompyuta, mlango wa Butiama unafunguka. Lakini mara nyingi amri yako haiendi moja kwa moja. Inapitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni iliyokitengeneza; zikishathibitisha kwamba ni wewe, ndipo inateremka kwa intaneti hadi nyumbani na mota inazungusha komeo. Faida ipo, sibishi. Shangazi akifika nawe haupo, unamfungulia, tena unajua aliingia saa ngapi.

Ila sikilizeni ya Marekani. Agosti 2017 kampuni ya LockState ilivitumia vitasa vya wateja wake programu iliyotengenezwa kwa kitasa cha aina nyingine. Vitasa kama 500 vikapumbaa, namba za siri zikawa hazifanyi kazi. Waliokuwa na ufunguo wa chuma ndio waliosalimika.

Siwaambii mkatae mitambo, la hasha. Nasema tu kwamba kutoka kwenye gogo hadi kwenye kompyuta, mkono unaofungua umekuwa ukiuhama mlango, na mwenye mkono huo ndiye mwenye nyumba. Basi ukiuziwa kitasa cha namna hii, muulize muuzaji: umeme ukikatika nitaingiaje? Kampuni ikifungwa nani atanifungulia? Na orodha ya wanaoingia kwangu anaisoma nani? Akibabaika, chukua kufuli lako uende zako.