Mbwa wa Kale na Ushahidi wa Mifupa

Katika Busale, nchi ya Kyela, mbwa huitwa imbwa. Mganda humwita embwa, na Mshona imbwa. Neno lililoenea mbali hivi si la jana. Wataalamu wa lugha wamelifuata hata wakalifikisha kwenye shina la lugha zote za Kibantu. Basi lugha yashuhudia kwamba wazee wa kale walimjua mnyama huyu. Lakini kumjua si kufika naye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwanahistoria hana budi kuuliza: mifupa yasemaje?

Jibu si jepesi. Mvua ya Kyela ni nyingi mno, na katika udongo wenye asidi mfupa huoza upesi, vikabaki vigae, makaa na mavi ya chuma. Hata mfupa ukisalimika, mbweha humtatiza mchimbaji, kwa kuwa umbo lake lakaribia la mbwa mdogo.

Hata hivyo ziko alama. Mbwa wa kufugwa kwa kawaida ana pua fupi na meno yaliyosongamana, na paji lake huinuka juu ya pua kuliko la mbweha. Mbwa mwitu ana vidole vinne tu katika mguu wa mbele, hali mbwa wa nyumbani anavyo vitano. Basi kimfupa cha kidole cha tano chamwondoa mbwa mwitu, ingawa hakimwondoi mbweha, ambaye naye anavyo vitano.

Mwaka 1974 Harcourt alionyesha jinsi ya kukisia kimo kwa mfupa mmoja wa mguu. Urefu wa muundi wa milimita 160 huzidishwa kwa 2.92, kisha huongezwa 9.41, hapo twapata mbwa wa sentimita 48 hivi begani. Lakini kimo si aina. Mfupa hauonyeshi rangi ya manyoya wala masikio, na anayeitaja aina ya mbwa kwa taya moja amesema zaidi ya shahidi wake.

Huko Diamant, Afrika Kusini, imepatikana mifupa ya mbwa wa karne ya 6 baada ya Kristo. Mwaka 2015 Peter Mitchell alitoa rai kwamba maradhi, yakiwamo yale yaletwayo na mbung'o, huenda yalichelewesha safari ya mbwa kuelekea kusini. Kwa hiyo mifupa ikikosekana mahali kama Busale, ukimya huo waweza kuwa na sababu mbili: ama mbwa alichelewa kufika, ama alifika na udongo ukamla. Asiyezitenganisha sababu hizi ataandika historia ya udongo akidhani ni historia ya watu.

Basi mchimbaji na achekeche udongo kwa chekeche lenye matundu madogo, akitafuta meno kwanza, kwa kuwa jino hudumu kuliko mfupa. Mifupa ya ng'ombe na mbuzi iliyotafunwa nayo asiitupe, ila akumbuke kwamba fisi pia hutafuna.