Arusi Katika Maktaba ya Boston

Maktaba ya mji wa Boston, Marekani, iliasisiwa mwaka 1848. Jengo lake la uwanja wa Copley, lililobuniwa na Charles McKim, lilifunguliwa mwaka 1895, na juu ya mlango yakachongwa maneno yasemayo kuwa nyumba hii ni bure kwa wote. Siku hizi, wasomaji wakishaondoka, ua wake wenye nguzo, ulioigwa kutoka jumba la Cancelleria la Roma, hukodishwa kwa arusi. Hatuoni ubaya wa bibi arusi kupita penye vitabu. Nderemo hazijapata kuiharibu elimu. Lakini ukodi huo ni ghali, na aliyesoma humo bure mchana kutwa huenda asiweze kamwe kufungia ndoa humo. Hapo ndipo yale maneno ya mlangoni yanapotutia mashaka.