Koo Moja, Kwaya Nzima: Utulivu na Ulimwengu katika Muziki wa Enya

Muziki uitwao wa Zama Mpya, yaani ule uliokua pamoja na vuguvugu la kiroho la Marekani na Ulaya katika miaka ya 1970 kwa nia ya kumsaidia msikilizaji kutulia, kutafakari au kupumzika, umehukumiwa na wahakiki wengi kwa matumizi yake zaidi kuliko kwa utunzi wake. Kwa kuwa husikika katika vyumba vya kukandia mwili, katika ndege kabla ya kuruka na katika madarasa ya yoga, hudhaniwa kuwa hauna la kusikilizwa ndani yake. Hukumu hiyo haimtendei haki mwimbaji aliyeuza rekodi nyingi kuliko wote katika uwanja huo, Enya wa Ireland, aliyeshinda mara nne tuzo ya Grammy ya albamu bora ya Zama Mpya ingawa yeye mwenyewe hajaridhia kuwekwa katika kundi hilo. Makala hii inadai kwamba utulivu wa nyimbo zake ni zao la kazi ngumu na la mapokeo mahususi ya mahali alipozaliwa, na kwamba sifa ya “kimataifa” anayopewa ina ukweli mdogo kuliko inavyodhaniwa, jambo ambalo kwa sehemu kubwa ni heri kwake.

Eithne Pádraigín Ní Bhraonáin, kama aitwavyo kwa Kiairishi, alizaliwa tarehe 17 Mei 1961 huko Gaoth Dobhair, kaunti ya Donegal, katika eneo la Gaeltacht, jina la jumla la sehemu za Ireland ambako Kiairishi kimeendelea kuwa lugha ya nyumbani na ya kila siku. Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya ya kanisa, na baba yake alikuwa mpiga muziki wa dansi aliyefungua baa ambako watoto wake walijifunza kupanda jukwaani. Katika shule ya bweni ya watawa alisoma piano na muziki wa kale wa Ulaya, akakutana na Kilatini. Mwaka 1980 alijiunga na Clannad, bendi ya ndugu zake wakubwa na wajomba zake wawili, kisha mwaka 1982 akaondoka pamoja na Nicky Ryan, aliyekuwa msimamizi wa bendi hiyo, na mkewe Roma Ryan. Tangu hapo kazi iligawanywa kati ya watu watatu: Enya alitunga muziki, aliimba na kupiga ala, Roma aliandika maneno, Nicky aliongoza kurekodi.

Mchango wa Nicky Ryan ndio ufunguo wa jambo lote. Alivutiwa na mbinu ya mtayarishaji wa Marekani Phil Spector, aliyekusanya wapiga ala wengi katika chumba kimoja ili sauti zao ziungane na kuwa kama ukuta, lakini yeye alitaka ukuta huo ujengwe kwa sauti ya mtu mmoja. Njia aliyoitumia ni kurekodi kwa tabaka: mwimbaji huimba mstari mmoja, hurudi kuuimba upya huku akisikiliza alichokwisha kukirekodi, kisha huongeza mistari ya juu na ya chini, mpaka sauti zifike makumi na katika baadhi ya nyimbo mamia. Kilicho muhimu ni kwamba tabaka hizo hazinakiliwi kwa mashine. Nakala mbili zilizo sawa kabisa huongeza ukubwa wa sauti tu, lakini sauti mbili zilizoimbwa kwa nyakati tofauti hupishana kwa kiasi kidogo sana, moja ikitangulia kidogo na nyingine ikiwa chini kidogo ya noti, na kupishana huko ndiko humfanya msikilizaji asikie umati. Katika kwaya ya kawaida, makoo tofauti hutamka irabu kwa namna tofauti, na sikio hutambua kwamba Fulani yuko kushoto na Fulani yuko nyuma. Katika kwaya ya koo moja irabu zote zina umbo lilelile, kwa hiyo umati unasikika lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kunyooshewa kidole. Hapo ndipo utulivu unapotoka. Mwangwi mrefu unaowekwa juu ya sauti hizo, unaokumbusha kanisa la mawe, hufunika mwanzo na mwisho wa kila neno, nazo konsonanti hulainika kiasi kwamba pumzi ya mwimbaji haisikiki ikikatika.

Kazi ya namna hiyo huchukua muda mrefu, na hii ni sababu moja iliyofanya albamu za Enya zipishane kwa miaka mingi: Watermark ya 1988, Shepherd Moons ya 1991, The Memory of Trees ya 1995, A Day Without Rain ya 2000, na baada ya nyingine mbili, Dark Sky Island ya 2015. Ni sababu pia ya yeye kutowahi kufanya ziara ya maonyesho kama mwimbaji wa pekee, kwani kwaya anayoiimba haipo nje ya studio.

Wanaosema muziki huu ni wa kusindikiza shughuli nyingine tu wana la kujibu kuhusu mwaka 2001. Wimbo “Only Time”, uliokuwa umetoka mwaka uliotangulia, ulitumiwa na vituo vya televisheni vya Marekani katika taarifa za mashambulizi ya tarehe 11 Septemba, ukapanda hadi nafasi ya 10 katika chati kuu ya nyimbo za nchi hiyo, nayo albamu yake ikafika nafasi ya 2. Taifa lililofiwa halichagui wimbo kwa sababu haumsumbui mtu. Wimbo huo una mapigo yasiyoharakisha, mstari unaorudi pale ulipoanzia na maneno yanayouliza bila kujibu, na muundo huo uko karibu na bembelezi na wimbo wa maombolezo, aina mbili za muziki ambazo hakuna jamii inayoziona kuwa za bure.

Kuhusu sifa ya “kimataifa”, ushahidi ni mgumu zaidi. “Orinoco Flow”, uliokaa kileleni mwa chati ya Uingereza kwa wiki tatu mwaka 1988, una orodha ndefu ya majina ya mahali, Bissau na Palau, Bali na Cali, hata Khartoum, na msikilizaji huhisi kwamba amezungushwa duniani. Majina hayo yalichaguliwa kwa vina. Orinoco yenyewe, kabla ya kuwa mto wa Venezuela, ni jina la studio ya London ambamo sehemu ya albamu ya Watermark ilirekodiwa, na ndani ya maneno ya wimbo huo ametajwa Rob Dickins, mkuu wa kampuni ya Warner nchini Uingereza aliyempa Enya mkataba, kama nahodha aliyeshika usukani. Safari ile ni ya kumalizika kwa albamu, na kwa maana hiyo ni wimbo mwaminifu kuliko unavyoonekana, kwa sababu haudai kuijua Bissau.

“Storms in Africa” wa albamu hiyohiyo unastahili kukosolewa zaidi. Umeimbwa kwa Kiairishi, kisha sehemu yake ya pili kwa Kiingereza, na mapigo yake ya ngoma yana nguvu isiyo ya kawaida kwa Enya, lakini Afrika iliyomo ni mandhari ya mvua tu, si watu wenye lugha na majina. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye anaijua masika kwa kilimo, kwa barabara zinazokatika na kwa mafuriko, ataona kwamba bara zima limegeuzwa pazia la nyuma la jukwaa. Ulinganishe na “Smaointe”, uliotungwa kwa Kiairishi kuwakumbuka babu na bibi yake, ambamo mahali ni padogo na panajulikana. Uzito wa wimbo huo haupatikani katika dhoruba ile. Enya ana nguvu zaidi anapoimba nyumbani, na ni jambo la kusikitisha kwamba soko halikuliheshimu hilo daima: “Book of Days”, ulioanza kwa Kiairishi, uliimbwa upya kwa Kiingereza kwa ajili ya filamu Far and Away ya 1992, na toleo hilo likachukua nafasi ya lile la kwanza katika matoleo ya baadaye ya albamu.

Hata hivyo, kosa la kuichora Afrika kutoka mbali ni dogo likipimwa na yaliyofanywa na wengine katika uwanja huohuo. Kundi la Ufaransa la Deep Forest lilipata umaarufu mwaka 1992 kwa “Sweet Lullaby”, katika albamu iliyouzwa kwa taswira ya watu wa misitu ya Afrika ya Kati, ilhali sauti inayobeba wimbo huo ni ya Afunakwa, mwanamke wa Visiwa vya Solomon, aliyerekodiwa na mtafiti Hugo Zemp takriban miaka 20 kabla akiimba bembelezi la kwao. Hakutajwa. Mwaka uliofuata mradi wa Enigma ulitumia katika “Return to Innocence” sauti za Difang na Igay Duana, wazee wa jamii ya Ami ya Taiwan, waliolazimika kwenda mahakamani kabla ya kufikia makubaliano mwaka 1999. Enya naye aliwahi kuchukuliwa sauti: mwaka 1996 kundi la Fugees lilitumia wimbo wake “Boadicea” katika “Ready or Not” bila ridhaa yake, akalalamika, yakafanyika maafikiano na jina lake likatajwa. Alikuwa na haki kamili, na alikuwa na mawakili na kampuni kubwa nyuma yake. Afunakwa alikuwa na haki ileile bila vyote hivyo.

Kwa hiyo uhakiki wa muziki wa kutuliza ungeanza vizuri zaidi kwa kuuliza ni koo la nani linalosikika, na kama mwenyewe anajulikana na amelipwa, kabla ya kujadili kama muziki huo ni mzito au mwepesi. Kwa kipimo hicho Enya anasimama imara, kwa kuwa kwaya yake yote ni yeye. Wahadhiri wa muziki wanaofundisha “Sweet Lullaby” na watangazaji wanaoendelea kuucheza redioni wanaweza kuanza leo kwa kumtaja Afunakwa kwa jina.