Kidaka
kidaka nm. [ki-/vi-] shubaka dogo lililoachwa katika unene wa ukuta na kupambwa kwa nakshi za chokaa. Katika majumba ya mawe ya Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, safu za vidaka hupamba chumba cha faragha kiitwacho *ndani*. Kiamu husema *zidaka*, kwani kiambishi *vi-* huko huwa *zi-*.

Matumizi: Mtafsiri wa mkataba wa mauzo asiandike *rafu*. Rafu huweza kung'olewa, muuzaji akaondoka nayo. Kidaka ni sehemu ya ukuta, nacho huuzwa pamoja na nyumba.

Mfano: *Aliyelinunua jumba hilo aliahidi kutovibomoa vidaka vyake.*