Bagamoyo Kitabuni: Kutoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari hadi Gurnah

Kila likizo inapokaribia, sisi wanafunzi wa fasihi huulizana swali lile lile: umesoma nini, na mimi nikasome nini? Majibu huwa ni riwaya za karibuni, na mara nyingi ni zile zile zilizomo katika orodha ya kozi. Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo kwa kuvizungumzia vitabu vitatu nilivyovisoma muhula uliopita, vyote vikihusu Bagamoyo na pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, yaani Mrima. Kisha nitapendekeza vya kufuatia. Hoja yangu ni kwamba vitabu hivi vikisomwa kwa pamoja vinatulazimisha kuitazama upya historia ya nathari ya Kiswahili, na pia kujiuliza ni nani hasa anayestahili kuitwa mwandishi.

Kwanza tukumbushane habari za mji wenyewe. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam. Kusini yake kidogo yapo magofu ya Kaole, pamoja na mabaki ya msikiti wa mawe wa karne ya 13. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikua kwa sababu ya biashara ya pembe za ndovu. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji iliteremkia hapa, na mali ikavushwa kwenda Unguja. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Stanley alianzia hapa safari yake ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871, na mwaka 1874 maiti ya Livingstone ikapitishwa hapa hapa. Wajerumani nao waliufanya mji huu makao makuu yao mpaka 1891, walipohamia Dar es Salaam.

Sasa hebu tuangalie habari hizo husimuliwa na nani. Burton, Speke na Stanley wote waliandika vitabu vinene, na hata leo mtu akitaka kuandika juu ya Bagamoyo huanzia kwao. Utadhani wenyeji walikuwa wamekaa kimya barazani wakiwatazama wageni wakipita! Ukweli ni kwamba wenyeji waliandika, tena kwa lugha yao.

Kitabu cha kwanza ni Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Jalada linamtaja Carl Velten, aliyewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huku kwetu na baadaye akawa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin. Lakini Velten hakuziandika habari hizo. Yeye aliwaomba Waswahili wamwandikie, akazikusanya na kuzitafsiri kwa Kijerumani. Mwandishi mkuu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, bara ya Bagamoyo, mtu aliyesoma chuoni na kuwa na elimu ya dini. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili.

Maisha ya Mtoro yenyewe ni riwaya tosha. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata akafunga safari ya kurudi nyumbani na mkewe, lakini serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka pwani, kwa kuwa Mwafrika mwenye mke Mzungu aliivuruga misingi ya utawala wao. Ikambidi arejee Ujerumani, na huko akafia mwaka 1927. Yaani mtu aliyewaeleza Wazungu desturi za kwao kwa makini kuliko yeyote hakuruhusiwa kuzirudia desturi hizo mwenyewe.

Ndani ya kitabu mna habari za uzazi, chuo, jando na unyago, ndoa, pepo, ngoma, madeni, safari za bara, majumbe wa Mrima na mazishi. Utumwa nao umeelezwa bila kufichwa: jinsi mzalia alivyotofautiana na mtumwa mgeni, na jinsi heshima ilivyopimwa kwa mavazi, lugha na tabia. Mtoro hasimulii kama mtu anayeona haya, wala hasimulii kama mtetezi wa watumwa. Anasimulia kama mwungwana wa mjini, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Sauti ya mtumwa mwenyewe haisikiki sawasawa, ya mwanamke husikika kwa kupitia mwanamume, na watu wa bara hutazamwa kwa jicho la pwani. Tukiyakumbuka hayo, kitabu kinatufaa zaidi.

Najua kuna atakayeuliza: hiyo nayo ni fasihi, au ni elimu ya mila tu? Swali ni la haki. Lakini mbona Maisha Yangu na Wasifu wa Siti binti Saad za Shaaban Robert tunazisoma kama fasihi bila wasiwasi wowote? Mtoro naye anatumia nyimbo, mazungumzo ya watu na maneno yenye kejeli. Sentensi zake ni fupi na zina mwendo wa masimulizi ya barazani. Kama nathari yetu tunaianzia miaka ya 1930 na kuendelea, basi tunawaacha nje watu waliokuwa wakiandika kizazi kizima kabla.

Kitabu cha pili ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Unahusu vita vya 1888 na 1889. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Ilipofika Agosti kampuni ikaanza kuitwaa miji, na watu wa Pangani wakakataa. Moto ukaenea hadi Bagamoyo, ambako mapigano yalizuka mwezi Septemba. Abushiri bin Salim akaongoza upinzani, na huko Saadani akasimama Bwana Heri. Serikali ya Ujerumani ikamleta Wissmann na askari wa kukodiwa. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

J. W. T. Allen aliutafsiri utenzi huu kwa Kiingereza, nao ukachapishwa mwaka 1955. Kilichonivutia ni kwamba mshairi anaitumia fani iliyozoeleka katika kusimulia vita vya zamani vya dini, akaivisha tukio la siku zake mwenyewe. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba fani za jadi haziwezi kubeba siasa za leo wausome utenzi huu kwanza. Wanahistoria nao wamefaidika, kwani ni ushahidi wa mtu wa pwani, si ripoti ya ofisa wa Kijerumani.

Kitabu cha tatu ni Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa ajili ya deni la baba yake, anakaa pwani dukani, kisha anafuatana na msafara kwenda bara. Wahakiki wamekwisha kuonyesha kwamba safari hiyo inafanana na simulizi zilizomo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kingine cha Velten cha 1901, hasa ile ya Sleman bin Mwenye Chande. Hapo ndipo vitabu hivi vinaposhikana mikono. Gurnah aliandika kwa Kiingereza akiwa Uingereza, lakini chini ya Kiingereza hicho mna nathari ya Mrima. Alipotafsiriwa, hadithi ilikuwa inarudi kwenye lugha iliyoizaa.

Na Yusuf anatupatia kitu ambacho Mtoro hakutupa. Mtoro anaeleza madeni kama desturi. Gurnah anatuingiza ndani ya moyo wa mtoto aliyegeuzwa rehani. Ndiyo maana nasema visomwe pamoja, tena Mtoro atangulie.

Je, vipi vifuate? Anayependa tawasifu asome Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aone mfanyabiashara mkubwa anavyojisimulia na anayoyanyamazia. Baada ya hapo achukue Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934, iliyoandikwa na mtoto wa mtumwa aliyekombolewa. Mbotela anawasifu mno Waingereza, hilo halina ubishi, lakini sauti iliyokosekana kwa Mtoro inaanza kusikika kwake.

Kwa upande wa historia, Feasts and Riot ya Jonathon Glassman (1995) inavichambua vita vya Pangani na Bagamoyo kwa kuwaangalia watu wa kawaida na sherehe zao. Carriers of Culture ya Stephen Rockel (2006) inaonyesha kwamba wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa wafanyakazi wa ujira, si watumwa. Making Identity on the Swahili Coast ya Steven Fabian (2019) inahusu Bagamoyo yenyewe na watu walivyogombea kuwa wenyeji wake.

Hivi viwili vya mwisho vina maana kubwa kwetu. Siku hizi jina la Bagamoyo hufasiriwa kama kilio cha mtumwa anayeubwaga moyo wake kwa kukata tamaa. Wengine husema ni mpagazi anayebwaga mzigo na kupumua baada ya miezi ya kutembea. Watumwa walipita Bagamoyo, na wengine walibaki hapo wakifanya kazi mashambani na majumbani; hakuna anayepaswa kulipunguza hilo. Lakini bandari kuu ya kusafirishia watumwa ilikuwa Kilwa, na Bagamoyo iliishi kwa pembe na kwa miguu ya wapagazi. Tukishika fasiri moja tu, tunawafuta Wanyamwezi waliokuja kwa maelfu kutafuta ujira, na ambao nao ni sehemu ya historia ya wafanyakazi wa nchi hii.

Pendekezo langu kwa walimu wetu ni dogo. Kozi ya historia ya fasihi ya Kiswahili imweke Mtoro bin Mwinyi Bakari katika orodha yake, tena kwa jina lake, si la Velten. Na sisi wanafunzi tusingoje mpaka awekwe. Nakala ni chache, kwa hiyo anayeipata aisome upesi na kumpa mwenzake. Kazi kwetu.