Msumeno Unaokata Upande Mmoja

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ndivyo tulivyoambiwa na wazee, nami niliamini. Kwa hiyo kila Palestina ilipotajwa redioni nilidhani, kama wengi wetu vijiweni, kwamba kule hakuna sheria kabisa, ni bunduki tu. Nilipoanza kusoma historia ya ardhi ya Ukingo wa Magharibi nikagundua nimekosea. Sheria zipo, tena tele! Balaa liko katika namna msumeno wenyewe unavyokata.

Hebu tuanze na Waturuki. Mwaka 1858 Dola ya Uthmaniya, iliyokuwa ikitawala Palestina, ilitunga sheria ya ardhi. Mashamba mengi yaliwekwa katika fungu lililoitwa miri: ardhi ni ya dola, lakini anayeilima ana haki ya kuitumia na kuirithisha. Ukililaza shamba miaka mitatu bila sababu, dola inaweza kulitwaa. Wakulima walitakiwa wajiandikishe, lakini wengi walikwepa. Kulikoni? Daftari lilinuka kodi, na jina likishaandikwa, kijana wa nyumba ile angeweza kuitwa jeshini. Wakaona heri walime kimyakimya. Nani angewadai hati, na kijiji kizima kinajua mzeituni huu ni wa nani?

Waingereza wakaja, kisha Jordan, na uandikishaji ukasonga polepole. Vita vya Juni 1967 vilipoliingiza jeshi la Israeli, ni kama theluthi moja tu ya ardhi hiyo iliyokuwa imekamilishiwa hati. Mwaka 1968 amri ya jeshi namba 291 ikasimamisha kazi yote. Aliyekuwa akingoja zamu yake akabaki mikono mitupu.

Wala si kwamba hawakuonywa. Septemba 1967 mwanasheria wa wizara yao ya mambo ya nje, Theodor Meron, aliiandikia serikali kwamba kuwahamishia raia katika ardhi iliyotekwa kunavunja Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949. Ushauri ukawekwa kando, walowezi wakapelekwa.

Siku moja, hata hivyo, msumeno ulikata upande wa pili. Mwaka 1979 wakulima wa Rujeib, karibu na Nablus, walikwenda Mahakama Kuu ya Israeli kupinga mashamba yao kuchukuliwa ili kijengwe kijiji cha walowezi cha Elon Moreh. Jeshi lilidai ni kwa ajili ya usalama. Walowezi wenyewe wakasema wazi kwamba wamekuja kwa sababu za dini na watakaa daima. Mahakama ikaamuru waondoke, wakulima wakarudishiwa ardhi.

Mngedhani hadithi iliishia hapo. La hasha! Serikali ilitafuta njia nyingine, ikaikuta kabatini: sheria ile ile ya 1858. Zikatazamwa picha zilizopigwa na ndege. Penye mawe mengi na mazao haba pakatangazwa ardhi ya serikali. Mwenye shamba akapewa siku 45 za kukata rufani, mbele ya kamati ya jeshi, na mzigo wa kuthibitisha ukawa wake. Ukipeleka kesi ya nyani kwa ngedere unatarajia nini? Babu aliogopa kodi ya Mturuki. Mjukuu ndiye aliyelipa.

Sasa tazama upande wa polisi. Mwaka 1981 iliundwa kamati chini ya Judith Karp, naibu mwanasheria mkuu wa Israeli, ichunguze mashauri ya walowezi waliodaiwa kuwadhuru Wapalestina na mali zao. Ilipitia mashauri 70. Katika hayo, 53 yaliishia hewani, mengi kwa madai kwamba mhalifu hakujulikana. Ripoti ilikamilika 1982, ikatolewa hadharani 1984. Februari 1994 mlowezi mmoja aliwaua waumini 29 msikitini Hebron, na tume ya Jaji Meir Shamgar ikakuta udhaifu ule ule. Mwaka 2005 mwanasheria Talya Sasson alionyesha kwamba vituo vya walowezi visivyo na kibali, vingine juu ya mashamba ya watu, vilijengwa kwa fedha za idara za serikali yenyewe. Vichache vilibomolewa, kama Migron mwaka 2012. Mwaka 2023 baraza la mawaziri liliamua kuvihalalisha tisa kwa mpigo.

Shirika la Yesh Din, la Waisraeli wenyewe, limefuatilia malalamiko hayo tangu 2005: zaidi ya mafaili 9 kati ya 10 hufungwa bila mtu kushtakiwa. Tena mlalamikaji mara nyingi hulazimika kwenda kushtaki kwenye kituo cha polisi kilichomo ndani ya makazi ya walowezi. Mlowezi akikamatwa, hupelekwa mahakama ya kiraia. Mpalestina, ya kijeshi.

Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ukaliaji huo ni kinyume cha sheria. Ni neno zito, lakini mahakama hiyo haina polisi.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akisema kule hakuna sheria, namkatiza. Ipo, bwana! Ina macho ya kusoma karatasi ya 1858, ila haimwoni mtu aliyekata mizeituni jana mchana, na wanajeshi wamesimama pale pale wakitazama.