Mti wa Callot

Wengi wakiuona mti wa Jacques Callot hudhani wanaonyongwa ni wanakijiji wasio na hatia. Hebu tuutazame tena. Mti mmoja mkubwa katikati ya uwanja, matawi yamelemewa na maiti. Ngazi imeegemezwa hapo, na padri anamnyooshea msalaba mtu ambaye zamu yake imefika. Huku chini, jamaa wawili wanacheza dadu juu ya ngoma ya kijeshi. Wanacheza tu!

Picha hii ni ya 11 kati ya 18 zilizotoka mwaka 1633, katika mfululizo uitwao Maafa Makubwa ya Vita. Callot alikuwa mtu wa Nancy, mji mkuu wa Lorraine, ambayo wakati huo haikuwa sehemu ya Ufaransa. Mwaka huohuo majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji wake.

Sasa rudi nyuma kidogo. Katika picha ya 5 askari wamevamia nyumba ya mkulima, na mtu amening'inizwa miguu juu, kichwa chini, juu ya moto. Kisha wanapora watawa, wanachoma kijiji. Picha ya 9 wanakamatwa. Kwa hiyo hao walioko mtini ndio haohao wachomaji. Nami nilikuwa nimeshawahurumia.

Nadhani Callot aliutaka mkanganyiko huo, na ufundi wake ulimsaidia. Bamba la shaba hupakwa vanishi, likachorwa kwa sindano, kisha tindikali ikala palipochorwa. Vanishi ya zamani ilikuwa laini. Yeye alichukua ile ngumu ya mafundi wa vinanda vya nyuzi. Ndiyo maana aliweza kuchora mistari myembamba kama unywele, na kulirudisha bamba kwenye tindikali: mistari ya karibu ikaliwa sana, ya mbali kidogo tu. Picha nzima ina kimo cha sentimita 8 hivi, lakini uwanja wake unaonekana hauna mwisho. Na katika udogo huo nyuso hazisomeki. Mwizi, muuaji, mtu wa kawaida: wote wananing'inia sawasawa.

Picha ya 17, wakulima wanawavizia askari msituni na kuwaua. Ya 18, mtawala ameketi kwenye kiti cha enzi akiwagawia zawadi makamanda. Mkulima wa picha ya 5 simwoni humo.